Nabadilisha matairi sita ya motohomu: nibaki na saizi hii au nipande?

Msafiri Mstaafu
Wakuu, habari za siku nyingi. Nina motohomu kubwa, yaani gari-nyumba la kulala na kupikia ndani, ya ekseli mbili: matairi mawili mbele, manne nyuma yakiwa pacha. Saizi ni 275/70R22.5, yaani upana milimita 275, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana, rimu inchi 22.5. Kashata (meno ya tairi) bado ndefu, ukitazama juujuu utasema yametoka dukani juzi. Ila mbavuni yameanza vijinyufa, hasa upande unaopigwa jua gari likiwa limeegeshwa. Fundi mmoja kaniambia nivalishe 295/80R22.5, eti yanabeba zaidi na gari "litakaa kibabe". Mwingine anasema nibadilishe mawili ya mbele tu, ya nyuma yasubiri. Nimsikilize nani?

Fundi Rimu
Mkuu, kabla ya saizi soma umri. Tafuta herufi DOT ubavuni, fuata mstari hadi mwisho, utakuta tarakimu 4. Ikiwa 3115, hiyo ni wiki ya 31 ya mwaka 2015. Mara nyingi mstari kamili uko upande mmoja tu, na ukikosa bahati ndio ule unaotazama ndani, kwa hiyo shika tochi uingie chini. Magari haya hayamalizi kashata. Yanakaa, jua linayapiga, mpira unakauka. Tairi likifika miaka 7 mimi silitetei tena, na 10 ndio mwisho hata kama linang'aa. Na hizo dawa za kung'arisha zenye mafuta achana nazo, zinakausha mpira haraka zaidi.

Dereva wa Usiku
Huyo wa kibabe mkimbie. Piga hesabu: kipenyo cha 275/70R22.5 ni kama milimita 957, cha 295/80R22.5 ni kama 1,044. Spidomita ikikuonyesha 100, wewe uko karibu 109. Halafu pacha wa nyuma wanasogeleana kwa milimita 20 hivi. Wakigusana wanasuguana, wanapata moto, kitakachofuata ni mlipuko. Hapo bado hujajua kama ukikata kona tairi la mbele halitakwaruza madigadi.

Mama Safari
Mzani je? Nenda ukiwa umepakia kama unavyosafiri: maji, mafuta, gesi, vyombo, na watu wako ndani. Pima kila kona peke yake ikiwezekana. Mimi nilipima ekseli nzima nikaridhika, kumbe jiko, friji na betri vyote vimelalia upande mmoja. Jumla ilikuwa sawa, tairi moja lilikuwa linateseka kimyakimya.

Msafiri Mstaafu
Nimerudi, na nina aibu kidogo. Mzani: mbele kushoto kg 2,980, mbele kulia kg 2,640, nyuma yote kg 8,200. Ubavuni imeandikwa 148/145L.

Sasa umri. Nimelala chali chini ya gari, nikafuta tope kwa kitambaa cha maji. Ya mbele ni 1117. Ya nyuma ya nje 2418. Ya nyuma ya ndani, yote mawili, 0913! Aliyeniuzia alibadilisha yale yanayoonekana tu. Nimepitisha kidole kwenye ufa mmoja, ukucha umezama.

Fundi Rimu
Pole. Hilo gari lisitoke hapo.

Hesabu yako hii: 148 ni kg 3,150 kwa tairi lililo peke yake, 145 ni kg 2,900 kwa kila tairi likiwa pacha. Nyuma una uwezo wa kg 11,600 kwa mzigo wa 8,200, huko hakuna shida. Mbele kushoto umebakiwa na kg 170 tu. Hapo ndipo uliposhikwa. Yapo ya saizi hiihii yenye 152, yaani kg 3,550, ila soma na herufi inayofuata: baadhi yalitengenezwa kwa mabasi ya mjini, ni J, mwisho km 100 kwa saa. Hayo ya kwako ni L, km 120. Na hakikisha rimu nazo zinaruhusu mzigo na upepo huo.

Dereva wa Usiku
Wazo la mawili tu limekufa. Usichanganye pia jipya na kuukuu kwenye pacha mmoja, lile refu litabeba mzigo wa mwenzake. Upepo nao usijaze kwa kuangalia namba ya ubavuni, hiyo ni ya mzigo wa juu kabisa. Chukua jedwali la mtengenezaji wa tairi, tumia uzito wa upande mzito, jaza kulia na kushoto sawasawa, ongeza psi (kipimo cha upepo) chache za akiba. Pima asubuhi kabla gari halijatembea.

Msafiri Mstaafu
Basi nabaki na 275/70R22.5, yote sita, herufi L. Betri za akiba na sanduku la zana vinahamia nyuma kulia, kisha narudi mzani. Mbele kushoto kukibaki juu ya 2,900, natafuta ya 152.

Mama Safari
Na maji usijaze tangi zima kama unakoenda yapo.

Fundi Rimu
Agiza na valvu za chuma. Matairi yakifika, soma DOT ya kila moja kabla fundi hajalivalisha kwenye rimu.