Kutoka Maskati hadi Wete: nitume kwa ya "bure" au ya ada?

Mpemba wa Ruwi:
Asalaam alaykum wanajamvi. Kila mwezi mshahara ukiingia namtumia mama riali 60. Zamani Ijumaa yangu yote iliishia kwenye foleni ya kutuma pesa huku Ruwi, Maskati. Siku hizi nabonyeza programu, na chai haijapoa mama keshapata ujumbe. Sasa kuna kampuni inasema ada hakuna, ila riali inaihesabu shilingi 6,350. Nyingine inanikata riali moja na nusu, lakini inatoa 6,600. Chumba kizima tunachokaa wako kwenye ya bure. Mnanishauri vipi?

Karani Mstaafu:
Waalaykum salaam, mwanangu. Nilikaa dirishani duka la kubadilisha fedha miaka tisa, neno "bure" nalijua lilivyo. Tupige hesabu. 60 mara 6,350 ni 381,000. Kule kwa ada zinabaki riali 58.5, mara 6,600 ni 386,100. Bure imemla mama 5,100, kitoweo hicho! Riali imefungwa kwenye dola tangu 1986, riali moja dola 2.6, haitikisiki. Wanapochezea ni kwenye shilingi, na hapo hawaandiki "ada".

Ila usiikimbie kabisa. Ukituma riali 10 za dharura, bure inakupa 63,500, ya ada 56,100. Kwa viwango ulivyotaja, mpaka ni kama riali 40: chini yake bure, juu yake lipa ada. Na viwango hubadilika, basi kila mara angalia mama atashika shilingi ngapi kabla hujabonyeza.

Wakala wa Chake:
Mzee kamaliza. Mie naongeza la huku: makato ya kutoa. Mama asije kwangu mara nne kutoa kidogo kidogo, kila mara anakatwa. Umeme wa Tukuza, huu wetu wa Zanzibar wa kulipia kabla, anunue humo humo kwenye simu. Halafu jina unalojaza liwe lile lile lililosajiliwa kwenye laini, si lile mnalomwita nyumbani.

Mpemba wa Ruwi:
Lo! Laini ya mama ina jina la mpwa wangu. Ndiyo maana pesa ya Shaabani ilirudi, nikagombana bure na watu wa huduma kwa wateja. Nimempigia, Jumatatu anakwenda kusajili yake. Nauli kaniambia nimtumie riali mbili. Hizo, Mzee, zinakwenda kwa ya bure.