Ushauri: dawa ya kutuliza kabla ya kuingia thieta, niikubali?

Binti Fundi: Wakuu, habari. Alhamisi napasuliwa ngiri kwa nusu kaputi. Mara ya kwanza kupasuliwa niliingia thieta natetemeka mpaka kitanda kinagonga. Safari hii wamesema watanituliza kwanza. Ndiyo hiyohiyo ya usingizi? Na kuna diazepamu za mama hapa ndani, nikimeza moja usiku nipate kulala kuna ubaya?

Mzee wa Thieta: Dada, za mama ziache zilipo. Ya kutuliza si nusu kaputi. Mara nyingi ni midazolamu ya mshipa: dakika mbili tatu unalegea, wasiwasi unatoka, lakini ukiitwa unaitika. Nusu kaputi inafuata mezani, na daktari wa usingizi habanduki hapo mpaka uamke. Ukimeza diazepamu kimyakimya, yeye ataongeza yake juu, na pumzi inaweza kushuka. Diazepamu hukaa mwilini siku kadhaa. Ikitokea umemeza, sema.

Kipara: Nilipewa hiyo. Nakumbuka taa za korido, moja inapepesa, basi. Nesi aliniambia nilipiga soga njia nzima na kumwomba radhi kwa kukoroma kwangu!

Mzee wa Thieta: Hahaa, kusahau ni kazi yake. Ila kukoroma si utani: anayekoroma hadi pumzi inakatika aseme mapema, huenda akapunguziwa au asipewe kabisa. Na fomu ya ridhaa isainiwe kabla ya sindano, akili ikiwa yako.

Mama Pacha: Mie niliambulia Panadol mbili na funda la maji. Niliona nimedharauliwa.

Mzee wa Thieta: Hapana, mama. Dawa ya maumivu ikitangulia, baadaye morfini, ile dawa kali ya maumivu, inahitajika kidogo, na morfini hutapisha. Zamani wengi walichomwa morfini au ndugu yake pethidini pamoja na atropini ya kukausha mate, maana etha, dawa ya usingizi ya enzi hizo, ilijaza mate kinywani. Etha ilipoachwa, na sindano hizo zikapungua.

Binti Fundi: Asanteni sana. Diazepamu nimemrudishia mama. Kucha nimepaka rangi, nitoe?

Mzee wa Thieta: Toa. Kile kibanio cha kidoleni kinapima oksijeni kwa mwanga. Chakula mwisho masaa sita kabla, maji matupu masaa mawili, labda wao wakupangie vingine.

Kipara: Na siri zako zimalize kabla ya korido.