Logo ya shirika la hisani: tujitolee wote au kalamu ashike mmoja?

Mleta mada:
Wadau habari zenu. Naleta hii maana kila mara naona shirika la hisani linatangaza "tunabadilisha logo, tuma kazi yako, itapigiwa kura", watu wanajaa kwa moyo mweupe kabisa, wanakesha wanachora, halafu mwisho wa siku inatoka kitu ambacho hata waliokichora hawakitaki. Msimamo wangu nausema mapema msije mkanizungusha: kujitolea sio tatizo, tatizo ni mashindano na kura. Wengi walete mawazo na wakague makosa, ila kalamu ashike mtu mmoja.

Angalieni panda wa 1961 kwenye logo ya WWF, lile shirika la kuhifadhi wanyamapori. Gerald Watterson alichora michoro ya mwanzo, Peter Scott aliyekuwa mmoja wa waanzilishi akaikamilisha, na moja ya sababu za kumchagua panda ni kwamba ni mweusi na mweupe kwa hiyo kuchapa kunakuwa nafuu. Yaani kulikuwa na sharti linaloeleweka na mtu wa kulitimiza. Sasa kwenye kamati ya watu wengi kila mmoja anataka chake kiingie, huyu moyo, yule jani, mwingine mtoto, na lazima atokee wa mikono miwili imeshika dunia (jamani ile mikono ipumzike kidogo). Ukiipunguza ikae kwenye kona ya barua inakuwa doa tu.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu umechagua mfano unaokufaa. Wikipedia je? Ile dunia ya vipande vya fumbo la kuunganisha (jigsaw), vyenye herufi za lugha mbalimbali, ilitokana na shindano la 2003, watu walituma kazi, wakapiga kura, na hadi leo mtu akiiona anaijua. Wale ni watu wa kujitolea watupu. Usiseme kura haifai wakati umma ukishirikishwa ndio unaipenda logo na kuitetea. Ukimpa dizaina mmoja ajifungie ndani, siku ya kuizindua wafadhili na wanachama wanaiona kama imetoka kwa mgeni.

Mchangiaji wa pili:
Mimi hii ndio kazi yangu kwa hiyo nina upande, nakiri. Kinachoniuma ni kwamba shindano maana yake watu hamsini wafanye kazi kamili na arobaini na tisa waambiwe asante. AIGA, chama cha wabunifu cha Marekani, kimekuwa kikiwaonya wabunifu kuhusu kazi ya bure ya kubahatisha, na mtu akisema shirika la hisani ni tofauti namuuliza, mhasibu wao naye anashindanishwa? Kujitolea kwa makubaliano sawa, hata mimi nimejitolea, ila niambieni mimi ndio nafanya, mnipe maelezo, mwisho mnishukuru kwa jina. Halafu hizo kazi za mashindano nusu zinakuja kama picha ya PNG ndogo, hakuna faili ya vekta (ile inayokuzwa bila picha kuharibika), fonti imetolewa sehemu haijulikani leseni yake, mwaka unaofuata wakitaka bango kubwa wanaanza upya.

Mchangiaji wa tatu:
Nyie bishaneni, mi nasubiri tu ile mikono na dunia 😂

Mchangiaji wa nne:
Naongezea kitu kimoja ambacho hakuna kura inayoweza kukiokoa. Vikundi vya afya vinapenda sana kuweka msalaba mwekundu kwenye logo, sijui wanadhani ni alama ya hospitali. Sio yetu sote hiyo. Ni alama ya ulinzi vitani, Mikataba ya Geneva ya 1949 inawakataza watu binafsi na makampuni kuitumia, hata kitu kinachoiga tu. Sasa fikiria watu mia tatu wameipigia kura na inashinda, nani atasimama kuwaambia haifai?

Mleta mada:
Asante dada, hilo la msalaba ndilo nilikuwa nalitafuta maneno yake.

Kaka wa Wikipedia, mfano wako naupokea lakini umalizie hadithi. Wazo lilishinda ni kweli, ila likachukuliwa na mchangiaji mwingine akalichora upya, halafu ikaja kugundulika kwamba baadhi ya herufi, zikiwemo za Kijapani na za Devanagari (maandishi ya Kihindi), zimekosewa, na zikakaa hivyo miaka mpaka logo ilipotengenezwa upya 2010. Walioona makosa ni wale wanaosoma hizo lugha. Hapo ndipo umati una faida, hakuna dizaina mmoja anayejua maandishi yote hayo. Kwa hiyo mimi na wewe hatuko mbali sana, wewe unataka watu waamue, mimi nataka wakosoe.

Kuhusu malipo sina ugomvi, shirika likiwa na hela lilipe. Likiwa halina, basi kabla mtu hajafungua kompyuta iandikwe karatasi moja: nani anachora, nani ana neno la mwisho, haki za kazi zinabaki kwa nani, na faili gani zinakabidhiwa. Na maoni yaombwe kwa maswali ya maana, kama inasomeka ikiwa ndogo, ikichapwa nyeusi tupu inabaki kueleweka, mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani anaiona vipi. Ukiuliza "mnaipenda?" utajibiwa na kila mtu na hutapata cha kufanyia kazi.

Aliyepinga bado aje, ila aje na logo iliyopita kwenye kura bila mtu mmoja kuinyoosha baadaye.