Naomba ushauri: mdogo wangu na gongo

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mdogo wangu anavua dagaa, mwalo wa Igombe. Wavuvi wengi wakitoka ziwani hunywa, kwa hiyo sikushtuka. Ila sasa akiamka mikono inatetemeka, jasho linamtoka, mpaka apate gongo ndipo anatulia. Kiasi kilichokuwa kinamlewesha zamani siku hizi hakimgusi. Simu kauza. Mkewe amemficha hela, mchungaji ameongea naye. Anaahidi, jioni ananuka tena.

Baba anataka tumfungie ndani aache kwa nguvu. Nimesikia mnywaji wa namna hii akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Ni kweli? Na tuanzie wapi, zahanati au hospitali ya Bugando moja kwa moja? Akisikia kitengo cha akili anakuwa mbogo.