"SASA WEKA NA LA MKONONI": Wale watu wa mizani leo wamenivua nguo mbele za watu, kisha wakanivalisha zote

MzeeWaZipu (mleta uzi)

Wakuu, salamu tutapeana baadaye. Niko getini nasubiri ndege, nimevaa makoti matatu, moja la mama watoto halifungi hata kifungo kimoja, na mfukoni nina kiatu. Kiatu kizima, namba 43, cha kushoto. Cha kulia kiko mfuko wa pili. Mwanangu mdogo amehamia siti za mbali, anawaambia watu hanijui.

Wahusika mnawajua. Siwataji ng'o, maana ukishasoma neno "mizani" jina limeshakujia lenyewe.

Tuko wanne, bukingi moja, kila mtu kilo 23 za tumboni mwa ndege na 7 za mkononi. Nne mara 23 ni 92, mtoto wa darasa la tatu anaijua. Mabegi yetu yote manne kwa pamoja hayafiki 80! Yaani sisi ndio tunawadai. Matatu yakapita kwenye mkanda bila neno, la mwisho likapanda mizani: 25.8. Dada wa kaunta akaiangalia ile namba kama vile begi limemtukana mama yake.

"Limezidi."

Namwambia dada yangu, la mtoto lililotangulia lina kilo 14, jumlisha tu yaishe. "Hatujumlishi." Haya, hizi mbili na ushee zinalipiwaje? Akataja bei. Nikamuuliza kama hapo ni pamoja na siti ya rubani. Hakucheka.

"Basi punguzeni. Hamishieni kwenye begi la mkononi."

HAPO HAPO MSHIKE. Nani alilitaja la mkononi? Mimi? Ni yeye, kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi.

Tukapiga magoti. Foleni nzima imetuzunguka, zipu imeachia, siri za ndoa zote ziko sakafuni. Mzee mmoja wa nyuma akaanza kutushauri tuanze na viatu. Mwanangu akaona ndio wakati mwafaka wa kutangaza kwamba suruali ya baba ya kulalia ina tundu. Tukatoa kikausha nywele, chaja, viatu, chupa ya losheni, tukasukumia kwenye la mkononi. Begi likasoma 22.9. Nikasimama, nikajifuta jasho, nikamwangalia mama watoto kwa macho ya ushindi.

Dada akatabasamu. Naamini ilikuwa mara yake ya kwanza tangu azaliwe. Akasema taratibu kabisa:

"Sasa weka na la mkononi."

SASA. WEKA. NA. LA. MKONONI.

Likasoma 9.7. Wakuu, nilitamani ule mkanda unibebe na mimi.

SitiYaKorido

Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Pole mkuu. Ila weka picha ya hayo makoti.

Mchokozi_01

Swali dogo kutoka kwa mtu asiye na elimu: kwa nini usihamishie kwenye lile la mtoto lenye kilo 14?

MzeeWaZipu

Umesoma au umeruka? LILISHAPITA KWENYE MKANDA. Lilishavishwa lebo, likaingia kwenye lile pazia la plastiki, likaenda. Nilifukuze kwa miguu? Yeye aliliona lina 14, akanyamaza, akalipeleka. Kisha ndiyo akaniambia "hamishieni kwenye la mkononi." Kisha ndiyo akaniambia "sasa weka na la mkononi." Huu ni mtego, ulipangwa, kuna kikao kilikaa.

Mama_Pacha

Kwa hiyo mwishowe ulilipa shilingi ngapi?

MzeeWaZipu

Sijalipa hata senti. Nimevaa.

Mama_Pacha

Sasa unalalamika nini?

MzeeWaZipu

NALALAMIKIA ILE KAULI. Na lile tabasamu.

KauntaYaSita

Mimi nafanya kazi hizo za kaunta, siyo hapo kwenu lakini. Ndugu abiria, mnatuonea. Kilo 23 hazikupangwa na dada yule, ziko kwenye tiketi yako, na ukitaka kuzivuka unalipia unavuka. Kikomo kigumu ni kile cha 32: hata uje na gunia la fedha, begi moja likizidi hapo litagawanywa, kwa sababu kuna binadamu anainama kulinyanyua siku nzima na mgongo wake hauna spea. Na la mkononi linapimwa kwa sababu kuna kabati la juu ya vichwa vya watu. Ndege ikijaa, kila mmoja akija na "kabegi kadogo" ka kilo 12, mnaanza kugombana humo ndani na tunaitwa sisi.

Siku nyingine pangeni mabegi yote mbele ya mizani, muombe yapimwe yote kwanza kabla hata moja halijavishwa lebo. Tunakubali. Ni kuomba tu, tena kwa adabu.

MzeeWaZipu

Kumbe ni ninyi! Karibu sana. Hebu niambie, unamwambia mtu ahamishie mkononi huku unajua mkononi utapima, hicho ni chuo gani wanafundisha?

KauntaYaSita

Nilisema siyo mimi.

MzeeWaZipu

Lile tabasamu mnagawiwa pamoja na sare?

Fundi Mahesabu

Mleta uzi ana hoja ila hajui kuitetea. Kuna mashirika yanahesabu uzito, kuna yanayohesabu idadi ya mabegi. Angalia tiketi yako sehemu ya mizigo: ikiandikwa 23K au 30K hizo ni kilo, na baadhi yao wanaruhusu familia ya bukingi moja kuchanganya kilo zao. Ikiandikwa 1PC, hilo ni begi moja kwa kila kichwa, lina kilo zake na kipimo chake (mara nyingi urefu, upana na kimo ukijumlisha visizidi sentimita 158), na hapo kujumlisha sahau. Begi la jirani likiwa tupu ni bahati yake. Yako inasemaje?

MzeeWaZipu

Tiketi iko kwenye koti la chini kabisa. Sishuki huko.

Begi Jeusi

Na kama ulikata tiketi kwa shirika moja halafu unarushwa na ndege ya shirika lingine, ndiyo utachanganyikiwa zaidi. Mimi nilionyesha kaunta ukurasa wa wale niliowalipa, wakanijibu "hao siyo sisi." Kwenye pesa walikuwa wamoja.

Halafu tiketi za "nafuu" za siku hizi! Unafurahia bei, kumbe hazina begi hata moja. Unanunua siti unaenda na mwili wako tu.

SitiYaKorido

Mkuu, usitukimbize. Ulisema ulihamishia chupa ya losheni kwenye la mkononi. Ukubwa gani?

MzeeWaZipu

Tuache hilo.

SitiYaKorido

Mililita ngapi?

MzeeWaZipu

400.

Mchokozi_01

HAHAHAHAHA. Ukaguzi walisemaje?

MzeeWaZipu

Iko kwenye pipa. Mama watoto hajanisemesha tangu hapo. Alikuwa ameifungua mara moja tu. Na msinielekezee mimi, mrudieni aliyesema hamishieni mkononi!

Mama_Pacha

Maji maji ya mkononi mwisho mililita 100 kwa chombo, tangu 2006 tunaimbiwa, na wanaangalia chombo siyo kilichobaki ndani. Viwanja vichache vimeleta mashine mpya vikalegeza, ila usiende ukiomba Mungu. Hiyo losheni ndiyo ilitakiwa ibaki tumboni, viatu ndivyo vitoke. Yule mzee wa nyuma alikuwa sahihi.

MzeeWaZipu

Naona yule mzee ana akaunti humu.

Shemeji_Mtulivu

Powabenki je? Msije mkawa mmeisukumia kwenye begi la chini mkitafuta nafasi. Hiyo inakaa mkononi tu, betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi tumboni, zikishika moto kule hakuna wa kuzizima. Na wakilichukua begi lako la mkononi getini kulipeleka chini, itoe kwanza.

MzeeWaZipu

Iko koti la pili. Inanichoma mbavu.

Mama_Pacha

Wacha niwaambie mimi wa pacha, labda mleta uzi atatulia. Mtoto wa chini ya miaka miwili anayekaa mapajani, kwingine anapewa kilo 10, kwingine hapewi kitu, kwingine kigari chake kinapita bure hadi mlangoni mwa ndege. Sasa ninyi wenye mtoto mmoja mnadhani nikisema pacha ni mara mbili. Kaunta waliniuliza, "Hivi vigari ni viwili kweli?" Nikawauliza, na hawa watoto mnaona wangapi?

Hapo mume wangu amesimama pembeni na begi lake la mgongoni lenye soksi na vitabu vitatu. Vitabu! Likizo na pacha, anategemea kusoma saa ngapi?

Begi Jeusi

Afadhali vitabu. Wangu alipakia pasi.

Mama_Pacha

Pasi ya kusafiria?

Begi Jeusi

Pasi ya kunyoosha nguo. Hoteli ina pasi. Picha ya chumba inaonyesha pasi.

MzeeWaZipu

Wakuu tusitoke kwenye mada. Fikirieni mnaambiwa hamishieni, mnahamisha, mnapiga magoti, halafu mtu anatabasamu anasema sasa weka na

Fundi Mahesabu

Tumeelewa mkuu.

Tatizo kubwa la familia siyo kaunta, ni mabegi yenyewe. Watu wananunua yale magumu yanayong'aa, begi tupu lina kilo nne na nusu, kabla hujaweka hata leso umeshalipia plastiki. Nunua la kitambaa.

SitiYaKorido

La kitambaa likinyeshewa uwanjani utakuja kufungua uzi hapa. Bora gumu.

Fundi Mahesabu

Gumu linapasuka.

SitiYaKorido

Lako.

Begi Jeusi

Mnabishana kuhusu kupasuka, mimi langu halikufika kabisa. Lilikwenda likizo peke yake. Tumekaa ufukweni familia nzima na nguo za safarini, na kwenye simu wananiambia "liko njiani." Njia ipi hawasemi.

KauntaYaSita

Hapo ndipo watu wanapoteza haki zao bure. Usitoke uwanjani bila kuandikisha ripoti na kupewa namba. Kwa safari za kimataifa kuna Mkataba wa Montreal wa 1999: begi lililoharibika unaandika malalamiko ndani ya siku 7 tangu ulipokee, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Tunza risiti za nguo ulizonunua ukisubiri. Fidia ina kikomo, SDR 1,519 kwa abiria tangu mwisho wa 2024 (hicho ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kinageuzwa kuwa fedha zako), awali ilikuwa 1,288. Ukisema begi lilikuwa na dhahabu, utaonyesha risiti ya dhahabu.

Begi Jeusi

Lilikuwa na pasi.

Mchokozi_01

Huu uzi ufungwe, umeshafika kileleni.

Shemeji_Mtulivu

Hamjataja adui mkubwa kuliko wote. Ndugu wa "nibebee kamzigo kadogo." Umepima nyumbani, umebana, umetoa hata mswaki, saa nane usiku shangazi anagonga mlango. "Kadogo tu mwanangu, hakana hata kilo." Kamefungwa na gundi ya karatasi mizunguko arobaini. Ukifika kaunta unaulizwa mzigo umepakia mwenyewe, na unajua kilichomo. Useme nini?

Mama_Pacha

Useme hapana na umrudishie shangazi. Unabeba kitu cha mtu ukiwa na watoto? Kikikutwa na jambo ni chako, jina lako ndilo liko kwenye lebo.

Shemeji_Mtulivu

Humjui shangazi.

MzeeWaZipu

Wakuu, kuna dalili mbaya hapa getini. Kuna mtu anapita na lile fremu la chuma la kupimia mabegi ya mkononi. Anatuangalia sisi. Nina makoti matatu, siwezi kukunja mkono. Naye anatabasamu!

SitiYaKorido

Sawa mkuu, safari njema. Shemeji, kale kamzigo kalikuwa na kilo ngapi?

Shemeji_Mtulivu

Nane. Na aliyekuja kukapokea kule akasema siyo kenyewe.

Fundi Mahesabu

Wewe nafuu. Mimi baba mkwe alinipa spea ya gari. Mkono wa mbele wa chini, wa chuma, kwenye likizo ya watoto.

Mama_Pacha

Mkuu, ulipita nao ukaguzi?

Fundi Mahesabu

Ni hadithi ndefu, waliita na bosi wao.

Mchokozi_01

Anzisha uzi wako, tunahamia wote.