Tumelipa kuona alikozaliwa Bi Salme, kitabu chake hakikutajwa hata mara moja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimeudhika na leo nitasema.

Kuna kampuni ya utalii hapa mjini, jina silitaji, inayotembeza watu kwenye magofu ya jumba la Mtoni kwa tangazo la "alipozaliwa binti mfalme", yaani Bi Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Nilimchukua mtoto wa dada yangu, anasoma sekondari na hapitishi siku bila ya kuandika kitu kwenye daftari lake. Daladala ya Bububu ingetufikisha pale kwa pesa ndogo tu. Nililipa kampuni kwa sababu nilitaka mtoto asimuliwe na mtu anayejua.

Tukasimuliwa mapenzi. Binti mfalme mzuri, jirani Mjerumani, mimba, kutoroka na manowari ya Waingereza mwaka 1866. Ni kweli yalitokea. Lakini ndugu zangu, wanawake waliopenda na wakatoroka ni wengi na hakuna anayelipa kwenda kutazama kuta walizozaliwa. Bi Salme anajulikana duniani kwa sababu ALIANDIKA. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, na kitabu hicho kinaanzia hapo hapo Mtoni, kwenye nyumba ya baba yake Seyyid Said, alimozaliwa Salme mwaka 1844.

Yote ya kusimulia yamo mle. Ule mto uliopita kati ya jumba ukamwagikia baharini. Uani tausi, paa, mbuni, na watu zaidi ya elfu moja wakiishi pamoja. Michungwa karibu na hamamu, yaani nyumba za kuogea. Ile roshani kubwa ya mviringo iliyotazama bahari, ambako Seyyid Said alikuwa akienda huku na huku, kichwa ameinamisha, akichechemea kwa jeraha la risasi la vitani. Sisi tulisimama mbele ya bahari ile ile na hatukuambiwa hata moja katika haya! Tulioneshwa pa kupigia picha.

Na kinachoniumiza zaidi ni hiki. Watoto wa kike wa jumba lile walifundishwa kusoma Msahafu, kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza kwa siri, Msahafu ndio kigezo chake, na akiandikia juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kalamu hiyo hiyo ndiyo iliyomtia matatani mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Sultani Majid: barua za njama zile aliziandika msichana wa miaka kumi na tano, kwa kuwa alijua kuandika. Mtoto wa kike wa leo, mwenye daftari mkononi, asimamishwe kwenye kuta zile asiambiwe hilo?

Mtoto mwenyewe akauliza, kwa adabu, kile kitabu Bi Salme aliandikia wapi. Yule kijana aliyetutembeza hakumjibu yeye, akanigeukia mimi: "Mama, mambo ya vitabu wageni hawayataki."

Sisi ni wageni wa nani? Mimi nimezaliwa Malindi, hapa hapa mjini Unguja.

Halafu makosa matupu. Tulipopita Maruhubi akatwambia hapo ndipo Bi Salme alipokuwa akikaa utotoni. Jumba la Maruhubi alilijenga Barghash alipokuwa sultani, miaka ya mwanzo ya 1880, na wakati huo Salme ni mjane yuko Ujerumani, analea watoto watatu. Tukafika Kidichi, hamamu ya pale nayo akasema ni ya Salme, na hali Seyyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mtoto akawa anaandika yote hayo kwenye daftari lake kwa kumuamini. Usiku nikakaa naye tunafuta ukurasa baada ya ukurasa, na hapo ndipo hasira zilipokuja hasa.

Simlaumu sana kijana. Amepewa maneno na tajiri wake akayashika, na nina hakika hajawahi kuoneshwa kitabu chenyewe. Namlaumu aliyeandika tangazo na kupokea pesa. Na sisemi Salme asimuliwe kwa kusifiwa tu. Mle kitabuni ameutetea utumwa, maneno ambayo mimi siyakubali kabisa, na mtoto wa Kizanzibari ana haki ya kuambiwa hivyo akiwa amesimama pale pale, pamoja na kwamba watu waliolibeba jumba lile mabegani mwao walikuwa watumwa. Hayo ndiyo mazungumzo ya kwenye nyumba ya mwandishi. Jumba lenyewe liliungua mwaka 1914, kilichobaki ni kuta za mawe na chokaa. Bila ya maneno yake mtu anatazama nini?

Nimeiandikia kampuni kudai nusu ya pesa zangu na kuwataka wawasomeshe vijana wao kile kitabu kabla ya kuwapeleka tena Mtoni. Jibu limekuja kwamba "huduma ilitolewa kikamilifu". Nimewarudishia makosa ya Maruhubi na Kidichi pamoja na miaka yake, kimya mpaka sasa.

Waliokwisha kwenda na kampuni yoyote, mlisimuliwa nini nyinyi? Na kama kuna mtembezaji anayekijua kitabu, awe Unguja au hata atoke Pemba, naomba mniunganishe naye kwa ujumbe wa faragha. Nitalipa tena, mtoto nimeshamuahidi kwamba tutarudi.