Kijana wa miaka 18 kuchezesha timu mbele ya watani: tumtarajie nini?

Swali kutoka kwa shabiki wa Wete

Assalaamu alaykum ndugu zangu wapenzi wa kandanda.

Jumamosi ijayo, saa kumi za jioni, timu yetu itaingia Uwanja wa Gombani, hapa Pemba, kuwakabili watani wetu wa Chake Chake, na kwa jinsi mazoezi ya wiki hii yalivyokwenda, karibu kila mtu hapa Wete anaamini kwamba mwalimu atampanga kijana wa miaka 18 kuwa kiungo mchezeshaji, nyuma ya mshambuliaji wa kati, kwa kuwa kaka yetu aliyeizoea nafasi hiyo anauguza goti. Jina la kijana sitaliandika, kwani bado ni mwanafunzi wa skuli na sikuwaomba wazee wake ruhusa. Waliomfuatilia tangu alipokuwa ligi ya vijana ya Juvenile watamjua bila ya kuambiwa.

Kwa wasiomjua, nitamweleza kama nilivyomwona. Kabla mpira haujamfikia huwa ameshageuza shingo kutazama nyuma yake, mara nyingi zaidi ya mara moja, na kwa hiyo anapoupokea huwa tayari anajua nani yuko huru. Pasi yake nzuri kuliko zote ni ile inayopita baina ya beki wa pembeni na beki wa kati, ikimkuta winga akiwa mbioni. Kasoro yake ni kwamba hukaa na mpira muda mrefu pale timu inapofungwa, kana kwamba deni lote ni lake peke yake, na wakati mwingine hupiga chenga karibu na goli letu wenyewe. Pia hajawahi kucheza mbele ya jukwaa lililojaa.

Mitaani hapa matumaini yamepanda mno. Barazani wanamwita mwokozi, na wengine wameshamlinganisha na Feisal Salum, ambaye alitoka klabu ya JKU ya Zanzibar kwenda Yanga mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 20. Mimi mwenyewe nina matumaini makubwa, wala sioni haya kuyasema. Lakini nauliza kwa dhati: katika mchezo wa namna hii, ni kitu gani hasa tuna haki ya kukitarajia kwa kijana wa umri huu, na je, mwalimu amwanzishe au amweke benchi hadi kipindi cha pili?

Jibu la mchezaji wa zamani, Mkoani

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nimecheza nafasi ya kiungo kwa miaka mingi kabla magoti hayajanikataza, na swali lako nalijibu kwa kuanzia uwanjani, kwa sababu huko ndiko atakakohukumiwa.

Watani wenu si wajinga. Nao wana watu wanaokuja kutazama mechi zenu, na bila ya shaka watampa kiungo mkabaji mmoja kazi ya kumfuata huyo kijana popote aendako, na katika robo saa ya mwanzo mkabaji huyo atamgonga mara mbili au tatu kwa nguvu, akijua kwamba mwamuzi wa mechi ya watani mara nyingi hapendi kutoa kadi mapema. Lengo lake halitakuwa kumuumiza, bali kumfanya aogope kuupokea mpira akiwa ameipa mgongo goli ya upinzani. Kijana akianza kurudi nyuma hadi kwa mabeki wake wa kati ili aupate mpira kwa amani, basi wameshafanikiwa, kwa sababu pasi anazozipiga akiwa huko hazimdhuru mtu yeyote.

Dawa yake ninayoijua ni hii. Kwa dakika 20 za mwanzo asijaribu kugeuka nao akiwa katikati. Agongeane kwa mguso mmoja au miwili na kiungo aliye karibu naye, kisha asogee pembeni, kwenye ile nafasi iliyo nyuma ya winga na mbele ya beki wetu wa kushoto, ambako mkabaji akimfuata ataacha uwazi katikati kwa wenzake kuutumia, na asipomfuata, kijana atageuka akiwa na uwanja mzima mbele yake. Hapo ndipo ile pasi unayoisifu itakapoonekana. Mshambuliaji wa kati naye anapaswa kuelewa kwamba kazi yake siku hiyo ni kuwavuta mabeki wawili waende nyuma, hata kama hatagusa mpira kwa muda, kwa sababu mchezeshaji asiye na mtu wa kukimbia mbele yake ni sawa na nahodha wa jahazi lisilo na tanga.

Jambo la pili, ambalo huenda wengi hawatakubaliana nami: apewe kona na mipira ya adhabu ya pembeni azipige yeye. Watu husema mipira ya kutenga wapewe wakubwa. Mimi naona kinyume, kwa sababu mpira uliotulia ndio wakati pekee katika mchezo wa watani ambapo kijana anapata sekunde kumi za kuvuta pumzi, kuinua kichwa na kufanya kitu anachokijua vyema bila ya mtu kumkanyaga. Kona moja ikimfikia mwenzake kichwani, hata isipozaa goli, utamwona mabega yake yanabadilika. Penalti, hapana. Penalti apige mtu mzima.

Kwa hiyo ninachokitarajia kwake ni pasi tatu au nne za maana katika dakika 90, na asipoteze mpira ndani ya nusu yetu. Akifanya hayo amecheza mchezo mkubwa, hata kama jina lake halitatajwa redioni. Na mimi ningemwanzisha.

Jibu kutoka Ng'ambo, Unguja

Namheshimu sana mzee wangu wa Mkoani na nimejifunza kutokana na maelezo yake, ila katika suala la kumwanzisha natofautiana naye.

Sote tunaifuata ligi ya Uingereza, kwa hiyo nitaje mifano ambayo wengi tunaikumbuka. Tarehe 7 Aprili 2024, Manchester United na Liverpool walitoka sare ya mabao 2-2 Old Trafford. Katika mchezo huo huo mmoja, Jarell Quansah wa Liverpool, mwenye umri wa miaka 21, alipiga pasi iliyomkuta Bruno Fernandes wa United, naye akafunga kutoka karibu na duara la katikati. Na baadaye Kobbie Mainoo, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 19, akaifungia United bao zuri la kupinda. Vijana wawili, uwanja mmoja, jioni moja, na kila mmoja akaondoka na habari yake. Nani angeweza kusema asubuhi yake ni yupi angekosea na yupi angefunga?

Nawakumbusha pia Steven Gerrard. Tarehe 27 Septemba 1999, akiwa na umri wa miaka 19, aliingia kutoka benchi katika mchezo wa Liverpool na Everton, Liverpool wakiwa nyuma kwa bao 1-0, na akatolewa kwa kadi nyekundu kwa kumchezea rafu Kevin Campbell. Mchezaji aliyekuja kuwa nahodha mkubwa wa klabu hiyo alizidiwa na joto la mchezo wa watani, tena mbele ya mashabiki wake mwenyewe.

Kutokana na hayo, mimi ningemweka benchi hadi dakika ya 60. Kufikia wakati huo yule mkabaji anayesemwa atakuwa amechoka, huenda ameshapata kadi ya njano, na mabeki wataanza kuacha nafasi. Kijana atakuwa ameutazama mchezo kwa saa nzima, ameusoma, na ataingia akijua pa kusimama. Nusu saa ya namna hiyo inaweza kumpa zaidi kuliko dakika 90 za kupigwa viatu.

Jibu la mchezaji wa zamani, Mkoani

Kaka wa Ng'ambo, mfano wako wa Gerrard unanisaidia mimi. Yeye hakuanza; aliingia katikati ya moto, timu yake ikiwa nyuma, na jukwaa likitaka damu. Anayeanza tangu dakika ya kwanza huukuta mchezo bado haujachemka na hupanda nao polepole. Trent Alexander-Arnold, akiwa Liverpool, mchezo wake wa kwanza wa ligi kuanza ulikuwa Old Trafford dhidi ya Manchester United, Januari 2017, akiwa na miaka 18, na ulimalizika 1-1. Alipata tabu mwanzoni, lakini akakua.

Jibu la shabiki wa Chake Chake

Mimi ni wa upande wa pili, na nimesoma yote kwa makini.

Ni kweli kwamba tutamkaba. Hilo si siri na hata sisi tungekuwa na mchezaji kama huyo mngefanya vivyo hivyo. Natamani aanze, kwa sababu ushindi dhidi ya timu iliyo kamili ndio unaotufurahisha. Ombi langu kwa pande zote mbili linahusu jukwaa. Gombani ni kiwanja ambacho kelele zake humfikia mchezaji, hasa aliye pembeni karibu na mstari, na tuliokuwapo tarehe 13 Januari 2025, Zanzibar Heroes walipoifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, tunajua kelele hizo zinavyoweza kumbeba mtu. Zinaweza pia kumvunja. Kwa upande wetu nitawasihi wenzangu wamzomee kama mchezaji, ikiwa lazima wamzomee, na wasiwataje wazee wake wala mtaa wake. Mtoto wa watu ataamka Jumapili akiwa jirani yetu, na wengine kati yetu ni jamaa zake kwa damu.

Jibu la mwalimu wa skuli na wa timu ya watoto, Wete

Ndugu zangu, nashukuru kwa mjadala wenye adabu. Mimi ni mwanamke niliyefundisha watoto wengi wa umri huu darasani na mazoezini, na naona mnazungumza juu ya dakika 90 tu, ilhali mchezo wa kijana huyu umeshaanza tangu mwanzoni mwa wiki.

Kila jioni watu wanakwenda nyumbani kwao. Mmoja anataka kupiga naye picha, mwingine anamwahidi fedha akifunga, wa tatu anamweleza namna ya kucheza ambayo inapingana na aliyoambiwa na mwalimu wake wa timu. Wote wana nia njema, na wote wanamvika kilemba cha ukoka bila ya kujua. Ahadi za fedha ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwa sababu kijana ambaye baba yake ni mvuvi, akiambiwa kwamba bao moja lina thamani ya kipato cha nyumba kwa mwezi, ataacha kupiga ile pasi baina ya mabeki na ataanza kupiga mashuti kutoka mbali. Mtakuwa mmemnunulia mchezo ambao si wake. Kama tawi lina fedha za zawadi, zitolewe kwa timu nzima, baada ya mchezo, kwa matokeo yoyote.

Simu nayo iwekwe mbali. Makundi ya mitandaoni yanamtaja usiku kucha, na mtoto wa miaka 18 hawezi kujizuia kusoma jina lake mwenyewe. Kwa idhini ya wazazi wake, kaka yake mkubwa aishike simu hiyo kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Alale mapema, Ijumaa aende msikitini na wenzake kama kawaida, ale chakula cha mama yake alichokizoea, na asiandaliwe karamu yoyote ya kumtakia heri.

Kisha kuna Jumatatu, ambayo katika mjadala huu sijaona mtu akiitaja. Siku hiyo atarudi skuli. Ikiwa timu itafungwa na yeye akapoteza mpira uliozaa bao, nani atakayekwenda kumwona? Wiki hii nyumba yao haina nafasi ya kukaa kwa wingi wa wageni. Ningependa wageni hao hao waandike majina yao leo kwamba watarudi Jumapili jioni hata tukifungwa matatu. Mimi nitakwenda, na nimeshamwambia mama yake hivyo.

Kuhusu kuanza au kusubiri, namwachia mwalimu wa timu, anayemwona kila siku akipumua.

Muulizaji, Wete

Nawashukuruni nyote, na hasa wewe Maalim, kwa sababu suala la ahadi za fedha nililijua na nililinyamazia.

Leo baada ya swala ya magharibi nimezungumza na katibu wa tawi letu. Amekubali kwamba fedha zilizochangwa kwa ajili ya mfungaji zitawekwa pamoja na kugawiwa kwa kikosi kizima, wakiwemo wa benchi, na atawatangazia wanachama kwamba ziara za nyumbani kwa kijana zisimame hadi mchezo upite. Orodha ya watakaokwenda Jumapili nimeianza mimi mwenyewe. Kuhusu kelele za jukwaani, tumekubaliana kuimba jina la timu, na jina la kijana lisiimbwe peke yake hadi atakapotolewa au mchezo utakapomalizika.

Kaka wa Ng'ambo, hoja ya dakika ya 60 ina uzito na nimeifikisha kwa wanaokaa karibu na benchi la ufundi. Lakini moyo wangu umebaki upande wa mzee wa Mkoani. Nataka kumwona tangu mpira unapoanzishwa, akipiga pasi zake fupi, akihamia kushoto, akisubiri mkabaji wake achoke kumfuata. Pasi tatu au nne za maana zinanitosha. Na moja kati ya hizo ikimkuta winga nyuma ya beki, msinilaumu nikipiga kelele.